Semkiwa, Mvukuto wa Kwamtindi

Enzi zile babu zetu walipokata mkonge wa kwanza Kwamtindi, alikuwepo Semkiwa mwana wa Kilua, mwana wa Mbelwa, Kifua cha Mvukuto, Vidole Kumi Kama Ishirini. Wenye midomo walisema baba yake hasa ni muuza vitambaa mmoja mwenye mwanya; hayo tuyaache, ingawa mama mtu hakuyakana.

Siku hizo Kwamtindi hapakuwa na watu wamoja. Wazigua walilala safu yao ya vibanda, Wamakonde yao, Wanyamwezi yao, na kisima kilikuwa kimoja, basi kila kiangazi walikatana mapanga pale pale kisimani. Sheria moja tu waliiheshimu wote: ngoma ikilia, panga halinyanyuliwi.

Semkiwa alikuwa na kodiani, kinanda cha mvukuto, aliyopewa na baharia kule Tanga, pamoja na santuri ya merenge, muziki wa visiwa vya mbali unaokimbia kama mtu aliyeona nyoka. Kiangazi cha njaa, mapanga yalipotoka, alikaa ukingoni mwa kisima akaipiga merenge hiyo siku tatu, hali, halali, na mkewe Somoe, Mmakonde aliyemtorosha kwao, akimfuatisha kwa kukwaruza kijiko kwenye bati la kukunia mihogo. Siku ya nne wanaume walikuwa wakicheza na dada za maadui zao, wengine na wake wa maadui hao kabisa, na watoto waliozaliwa mwaka uliofuata hawakujulikana ni wa safu ipi. Hao ndio waliotuzaa.

Lakini tangu hapo hakupumzika. Ugomvi wa mbuzi, "Mwiteni Semkiwa!" Harusi, msiba, jando, "Mwiteni!" Akaunda bendi ya watu kumi na wawili, wote wakazeeka wakamwomba ruhusa ya kupumzika, na yeye ruhusa angeiomba kwa nani? Vidole vilivimba kama ndizi mbivu. Alisinzia huku akipiga. Nikinyamaza, aliwaza, watachinjana.

Siku ya harusi ya mjukuu wake, wakwe waligombania nani anawe kwanza, wakazikumbuka zile safu za zamani, mapanga yakachomolewa. Semkiwa akaivuta kodiani, na mvukuto ukapasuka. Kimya.

"Shemeji, leo hakuna wa kukuokoa," akasema mmoja.

Hapo Bi Somoe, kibogoyo, akaketi chini akaanza kukwaruza bati lake peke yake.

"Haya, kataneni, mabwege nyie! Bati linalia, nani atathubutu? Mume wangu mmemla mpaka mifupa. Mwacheni akae!"

Mpishi akagonga sufuria. Bibi harusi akapiga makofi. Mapanga yakarudi alani.

Semkiwa alisikiliza kwa muda mrefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo na shingo bado inamuuma. Kisha akaiweka kodiani kitini, akaingia katikati ya mistari ya mkonge, na hakuna aliyemwona tena. Walipotaka kumfuata, Bi Somoe alisema bila kuacha kukwaruza, "Atakayemwita, nitamkwaruza uso."

Ndiyo maana Kwamtindi harusi huanzishwa na bibi kizee na bati lake, na kiti kimoja huachwa wazi. Ugomvi bado tunao, tena mwingi. Lakini yeye hatumwiti. Amechoka.