Konzi ya Udongo wa Mzee Ghulamu

Zamani hizo, wajukuu zangu, mji wa Zafarani ulikuwa chini ya Sultani Maarufi, na mji mzima ulikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu, nacho kilikuwa shambani kwa tajiri Ghulamu, mtu mwenye pete na jini wa kumtumikia. Na dasturi yao, mtu akiuza ardhi au akitoa, huchota konzi ya udongo wake akamtia mwenziwe kiganjani mbele ya kadhi, basi imekwenda.

Ghulamu alipoona roho inatoka, akataka shamba liwe la kila mwenye kiu. Lakini watu wote watawekewa udongo katika kiganja kipi? Akaukamata mwenyewe, akamwambia jini, "Nifumbe mkono huu, usifumbuke ila kwa neno la binti yangu." Akakata roho.

Waosha maiti wakavuta vidole, wapi! Kadhi akasema, "Udongo umo mkononi mwa mwenyewe, na maiti hauzi."

Sultani akaja mbio, maana kisima hicho alikitamani siku nyingi. Akamwambia Mwanaidi, binti wa marehemu, "Mwanangu, fumbua mkono wa babako, udongo umtie mwanangu Jamshidi kiganjani, nami Ijumaa hii nawaoza." Na Mwanaidi alimpenda Jamshidi mpaka chakula hakipiti, na mji wote wajua.

Jini akamwinamia sikioni, "Bibi yangu, neno moja tu."

Shangazi yake akamfinya. "Sema, we mtoto! Ufalme huo!"

"Na watu watakunywa wapi, shangazi?"

"Watanunua kwa mumeo!"

Mwanaidi akautazama mkono ule uliomlisha tangu hana meno, akaubusu, akasema, "Mzikeni nao."

Akazikwa nao. Na mpaka leo huko, ardhi ya wakfu, isiyouzwa wala kurithiwa, huitwa mkono wa maiti.

Jamshidi akaozwa binti wa waziri. Arusi ikapita na ngoma zake, jua kali, wapiga zumari koo zimewakauka, wakageukia kisimani. Mwanaidi akawatekea mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya bwana arusi, akapokea kata kwa mikono miwili, akanywa bila kuinua uso, akasema, "Mungu akuzidishie, dada."

"Amina," akasema Mwanaidi, akateremsha ndoo tena.

Basi, wanangu, mkinywa maji ya bure, mwombeeni na huyo aliyebaki kisimani.