Baragumu Halipulizwi na Wawili

Baragumu halipulizwi na wawili. Mmenisikia nikiisema, mkaniuliza imetoka wapi. Haya, tegeni masikio, na hao wanaonong'onezana huko nyuma wanyamaze. Methali hii ilianza hivi.

Katika karne ya kumi na nane, watu wa Kiwandeo walichoshwa na gavana mgeni, wakaasi. Jeshi lao lilikuwa la wakulima na wasusi wa mikeka, lakini kazi waligawana: Amiri Mwinyihaji aliongoza vita, Shekuwe alitunza ghala la chakula na baruti, na Chande alipuliza baragumu. Mlio mmoja mrefu, mbele! Miwili mifupi, rudini! Walisahau jambo moja tu: Chande amsikilize nani.

Asubuhi ya mapambano, watu arobaini walikwisha kuvuka mto kuelekea ngomeni kwa gavana, na Faki, mdogo wake Chande, alikuwa miongoni mwao. Amiri akaja mbio.

"Chande, mlio mrefu! Washambulie!"

Kabla Chande hajavuta pumzi, Shekuwe naye huyo, anahema. "Miwili mifupi! Warudi!"

"Nani kakuuliza wewe?" Amiri akafoka.

Wakubwa hao walikuwa wamenuniana tangu juzi, eti kwa sababu ya mahali pa kupiga kambi. Watu wazima, jamani!

Chande akatazama ng'ambo ya mto. Akikosea, Faki hana maisha. Mara hasira zikampanda, akawasukumia baragumu.

"Shikeni! Pulizeni wenyewe, wote wawili!"

Wakaling'ang'ania, huyu akivuta huku, yule kule. Midomo miwili, tundu moja. Wakabaki wakitazamana pua kwa pua, aibu imewajaa.

"Kwa nini warudi?" Amiri akauliza polepole.

"Baruti waliyochukua imelowa. Mvua iliingia ghalani, nimegundua sasa hivi."

"Lo! Mbona hukuja kuniambia mimi kwanza?"

"Si hatusemezani?"

Amiri akamrudishia Chande baragumu. "Miwili mifupi. Upesi, mwanangu!"

Wakarudi wote arobaini. Faki alikuja wa mwisho, amelowa hadi shingoni, analalamika kwamba hajafyatua hata risasi moja. Chande alimkumbatia akalia bila haya. Alhamdulillahi!

Tangu siku hiyo kila mkuu alipeleka neno lake kwa Amiri, na Chande akapokea amri kwa Amiri peke yake. Na wakubwa walipoanza tena kuvutana, yeye aliwanyooshea baragumu tu, nao wakacheka, wakaketi kushauriana. Baragumu halipulizwi na wawili.