Kibao cha Majiko Mia Tatu

Hii nilisimuliwa na dereva aliyewapeleka wageni siku hiyo. Nimekaa nayo moyoni wiki nzima, nikaona niigawe. Isome mpaka mwisho ndipo umtumie mwingine, hasa kama unamjua mtu mwenye cheo.

Palikuwa na kiwanda cha chai huko milimani, na meneja wake akiitwa Bwana Singano. Serikali ikatoa agizo: kila kiwanda kipunguze moshi wake, na kisichoweza kisaidie moshi upungue mahali pengine. Kubadili tanuri la kiwanda ni kazi ya kutoa jasho. Bwana Singano akachagua iliyo nyepesi. Akaahidi kukipa kijiji cha jirani majiko banifu mia tatu, yale yanayopika kwa kuni chache.

Kijiji kilifurahi kuliko alivyotegemea. Kuni zao hutoka kwenye mteremko mmoja tu uliobaki na miti, na mvua za siku hizi hazina adabu. Mwaka ule zilinyesha siku tisa mfululizo, mlima ukaporomoka na kuwafukia wanawake wawili waliokuwa wakikata kuni. Kwa hiyo kwa watu wale jiko la kuni chache halikuwa mapambo. Lilikuwa na maana ya mama kutopanda kule.

Siku ya makabidhiano lori lilikuja, picha zikapigwa, na kibao kikubwa kikasimikwa njia panda: KIJIJI HIKI KIMEPEWA MAJIKO BANIFU 300. Bwana Singano akatia sahihi ripoti, akarudi ofisini kwake. Hakukanyaga tena kijijini kwa miaka miwili.

Alirudi siku alipoletwa na mkaguzi. Mkaguzi huyo, Bi Rukonge, alikuwa ametoka makao makuu, na kalamu yake ndiyo ingeamua kama kiwanda kitapewa cheti cha kiwanda safi. Bwana Singano alikuwa ameshachagua ukuta wa kukitundika.

Walipokelewa na Bi Zahabu, mwenyekiti wa kijiji, mama mnene mcheshi, kwa vigelegele na maji ya kunawa.

"Nitatembelea nyumba ishirini na tano," Bi Rukonge akasema. "Nitachagua mwenyewe."

"Chagua, mama. Kijiji ni chako leo," Bi Zahabu akajibu.

Nyumba ya kwanza, jiko lipo. Ya pili lipo. Ya tatu lipo, sikio lake moja limekatika na kufungwa waya wa shaba. Bwana Singano akatembea kifua mbele, akawa anawaeleza hata wasiomuuliza jinsi kiwanda chake kinavyopenda mazingira.

Nyumba ya kumi na sita akaliona tena jiko lenye waya wa shaba.

Akainama kama anayelikagua, akalishika. Lilikuwa na vumbi la njiani, na chini yake limenasa jani bichi la mgomba. Akatazama dirishani. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, aliwaona wanawake wawili wakikimbia na majiko kichwani kuelekea nyumba ya kumi na saba.

Akaelewa, au alidhani ameelewa. Akamvuta Bi Zahabu pembeni, sauti ya chini, mishipa imemsimama.

"Mmeyauza wapi majiko yangu?"

"Majiko gani, mwanangu?"

"Nimewapa mia tatu! Mnanizungushia haya haya kama mazingaombwe! Mnataka kuniaibisha mbele ya mgeni?"

Bi Zahabu alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwanangu, yalikuja kumi na mawili. Yale ya kupigia picha. Tukaambiwa mengine yako njiani."

 Bwana Singano akakumbuka. Maneno hayo aliyasema yeye mwenyewe, siku ile, amesimama juu ya lori. Baadaye mambo mengine yakaingia, na ripoti ilikuwa imeshaondoka. Siku zikapita mpaka naye akaiamini.

"Kwa nini hamkusema?" akauliza, na sauti haikuwa ile ya kwanza.

"Kibao tunakisoma kila siku. Tuliposikia unakuja na mkubwa wako, tukajua utaumbuka. Mgeni akija kwako nguo imemchanika nyuma, utamwambia mbele za watu? Unamtafutia kanga ajifunge. Na sisi tulikuwa nayo hiyo hiyo. Majiko kumi na mawili na miguu ya kukimbia."

Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Lakini msidhani alisema kitu. Hakusema. Akarudi kwa mkaguzi, akamaliza naye nyumba ishirini na tano, akichekacheka. Ndivyo tulivyo.

Wakakaribishwa kula. Ukaletwa wali na kuku, sinia kubwa. Bwana Singano akamega tonge la kwanza, akasikia harufu ya moshi. Moshi mzito, wa kuni nyingi.

"Huu wali umepikwa wapi?" akauliza, bila kufikiri.

"Kwenye mafiga matatu, baba," akajibu Zawena, mkwe wa Bi Zahabu, aliyekuwa akimimina maji. "Majiko yote yalikuwa kwenye shughuli yako."

"Kuni mlizipata wapi?"

"Kule kule mteremkoni. Nilipanda alfajiri. Kuwalisha wageni hawa wote kulitaka mizigo miwili." Alitabasamu. "Ila leo ardhi ilitulia."

Bwana Singano akaitazama miguu ya Zawena. Ilikuwa na tope jekundu lililokauka mpaka magotini. Mwanamke huyo alikuwa amepanda mlima uliofukia wenzake, ili yeye asiaibike.

 Akalirudisha tonge kwenye sinia, akanawa.

"Bi Rukonge," akasema, "futa ulichoandika. Andika kumi na mawili. Hawa wamekuwa wakiyakimbiza nyumba hadi nyumba kunisitiri mimi. Mwongo ni mimi."

 Bi Zahabu akajifunika uso kwa ncha ya kanga, akiona haya kwa niaba ya Bwana Singano.

"Mwanangu," akasema polepole, "si ungengoja mgeni amalize kula?"

Cheti hakikupatikana, na ule ukuta uko mtupu mpaka leo. Siku ya pili Bwana Singano alikuja na rangi na brashi, akapanda ngazi mwenyewe, akafuta 300 kwenye kibao na kuandika 12. Watu walisimama njia panda wakimtazama, na hakuna aliyecheka. Tangu hapo kila lori la majiko likifika anarudi na brashi yake. Dereva anasema alipopita mara ya mwisho kibao kilisomeka 140. Bomba la kiwanda bado linafuka, na Bwana Singano siku hizi hulitazama kila asubuhi kabla ya kuingia ofisini.

Zawena bado hajapata jiko. Anasema zamu yake itafika.

Funzo: Ukitangaza wema ambao hujautenda, kuna mtu mahali fulani anahangaika ili uonekane wa kweli; mtafute, umtue mzigo huo, hata kama itakubidi uaibike mbele ya watu.