Ngiri na Hodi ya Kunong'ona

Paukwa!

"Pakawa!"

Mnaitikia kama mnamkwepa mwenye nyumba anayedai kodi! Paukwa!

"Pakawaaa!"

Naam, hapo sawa.

Zamani hizo, zamani sana, palikuwa na mkuyu mrefu. Tawi juu ya tawi, mlango juu ya mlango. Kule juu kabisa aliishi Kindi na mwanawe. Siku moja mtoto akashikwa na homa. Hali, hanywi. Kindi akatuma salamu ng'ambo ya mto kwa Kobe, mganga wa majani. Kobe akajibu, "Dawa ataileta Ngiri."

Ngiri ndiye aliyepeleka mizigo nchi nzima. Mbio anazo, mkia juu!

Kindi akakaa mlangoni. Akangoja. Jua likapanda, akangoja. Hata maji hakwenda kunywa. Mara, tifu tifu tifu! Ngiri huyo, chini ya mkuyu. Akainamisha kichwa, akanong'ona, "Hodi." Hata sisimizi aliyekuwa mguuni pake hakusikia. Halafu tifu tifu tifu! Kaondoka na mzigo wake.

Kindi aliona vumbi tu. Akashuka, akamkimbilia mpaka mtoni. Wapi! Ngiri ameshavuka, na Kindi haogelei.

"We Ngiri! Dawa yangu iko wapi?"

"Nilipiga hodi, mama. Hukuwepo."

"Sikuwepo? Nimekaa mlangoni tangu alfajiri!"

"Hodi nimepiga. Mzigo naurudisha kwa Kobe. Mpaka kesho."

Jamani, inaudhi haiudhi? Inaudhi! Mimi nasimulia tu, na damu inanichemka.

Mtoto akazidi kuwaka moto. Kindi akalia. Akalia, kisha akafuta machozi. "Kesho atanitambua," akasema.

Kesho yake akashuka mapema, akajibanza kwenye mizizi. Tifu tifu tifu! Ngiri huyo. Akainamisha kichwa, akanong'ona, "Hodi."

"KARIBU!" Kindi akampigia ukelele sikioni.

Ngiri akaruka, puu! Chini, makalio kwanza. Milango yote ya mkuyu ikafunguka. "Karibu! Karibu ndani!" majirani wakaitikia. Na desturi mnaijua. Ukipiga hodi ukakaribishwa, hugeuki. Unaingia.

"Mlango wangu ule pale juu, Bwana Ngiri," akasema Kindi. "Panda."

Ngiri akatazama juu. Akatazama kwato zake. Jasho likamtoka.

"Siwezi," akasema. "Sijui kupanda mti, mama. Naona haya. Nikipiga hodi ya nguvu mtaniambia nipande, mtanicheka."

"Kumbe! Wewe usichekwe, mwanangu afe?"

Hakuna aliyecheka. Ngiri akainama, akaufungua mzigo. Akaweka dawa mkononi mwa Kindi.

Kindi akapanda, para para para! Akamnywesha mtoto. Ngiri hakuondoka. Alikaa palepale chini, masikio yamesimama, mpaka jua likainama. Ndipo sauti ndogo ikasikika kule juu: "Mama, nina njaa."

Ngiri akalia mbele za watu, wala hakuona haya tena.

Tangu siku hiyo, akifika mkuyuni husimama wima na kunguruma, "HODIII! Kupanda siwezi, shukeni!" Nao hushuka.

Basi wakubwa kwa wadogo, sikieni. Jambo usiloliweza, liseme. Ukilificha kwa kuona haya, atakayeumia ni yule anayekungoja.

Ngano yangu nimeifikisha, naitua hapa mikononi mwenu.