Samaki Watano wa Dada Tausi

Mwatima alinikuta nimepiga magoti mbele ya tangi la kioo, nawapepea samaki kwa pepeo la ukili.

"Ami Feruzi," akasema kutoka mlangoni, "unachoma mishikaki?"

Nilitamani kujificha nyuma ya pazia, ila kitambi kisingeenea. Miaka ishirini na mbili nimepika kwenye meli. Nimeshuka Karachi, nimepotea Rotterdam, nimetapeliwa Durban mara mbili na mtu yule yule. Lakini hofu ya asubuhi ile ya Jumatano, ghorofa ya sita Michenzani, sikuwahi kukutana nayo baharini. Maji ya tangi yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na samaki watano wekundu wa dada yangu Tausi walikuwa wamepanda juu, midomo nje, wanatweta. Ndiyo maana nikawapepea. Haya, chekeni, kisha mnisikilize, maana mwishoni nina swali, na mimi limenishinda.

Dada Tausi alikuwa Dar es Salaam kwa bintiye, katoka kupasuliwa jicho, na nyumba na samaki kaniachia mimi. Nesi alimwonya asilisugue, asiiname, na kwa siku kumi asilie. Sasa dada yangu ni mtu aliyemlilia paka wa jirani siku tatu, na paka mwenyewe alikuwa mwizi. Samaki hawa je, alioachiwa na marehemu mumewe? Kila akipiga simu neno lake la kwanza lilikuwa hilo hilo.

"Feruzi, wanakula?"

"Wanakula, dada," nikajibu, jasho linanitiririka mgongoni.

"Jumanne nikifika, kabla ya chai, nitawaona wao."

Wajueni basi watatu walioingia nyumba ile wiki hiyo. Mwatima, jirani yetu, ni mwalimu wa maabara, na kipaji chake ni kuuliza kabla ya kugusa. Pandu ni kinyozi mwenye tangi la samaki dukani kwake, na kipaji chake ni mkono usiojua kufumbata. Vuai ni mchukuzi wa mizigo sokoni, na kipaji chake ni kufika. Akikwambia anakuja, hata miguu ikimkatika atakuja kwa magoti. Mimi kipaji changu mmeshakiona.

Mwatima alinipokonya ndoo, maana nilikuwa tayari kuyamwaga maji yote.

"Uliosha nini?"

"Kila kitu. Mgonjwa anarudi, nyumba si lazima ing'ae? Nimefua mapazia, nimesugua masufuria, nimeosha na kokoto za samaki."

"Na sponji ya chujio?"

"Hiyo nimeikamua chini ya bomba mpaka ikarudi rangi ya dukani!" nikasema kwa fahari.

Mwatima akakaa kitako sakafuni.

"Ule uchafu ndio uliokuwa ukiwalinda, Ami. Samaki wanajisaidia humo humo wanamoishi. Haja yao inatoa amonia, na amonia inawaunguza. Ndani ya ile sponji kulikuwa na vijidudu vinavyoila sumu hiyo, ikageuka sumu ya pili, na vingine vinavyoila hiyo ya pili, mpaka inabaki kitu kisichodhuru. Vimejijenga kwa miezi. Wewe umevimaliza kwa dawa ya maji ya bomba."

"Na huu weupe?"

"Vijidudu vingine hivyo, vimezagaa kwa kuwa chakula ni kingi. Weupe hauui. Kinachoua hapa hakionekani."

Mniamini, nywele zilinisimama, hizo chache zilizosalia. Akatia matone ya dawa kwenye kichupa cha maji ya tangi, maji yakageuka kijani kibichi. Kijani ndiyo amonia, akasema, akatikisa kichwa. Mwalimu akitikisa kichwa mbele ya majibu, jueni mtihani umekwenda vibaya. Kisha akatoa amri: chakula kisimame, pampu ya hewa isizimwe, na mimi nisiguse kitu. "Ukiosha tena, tunazika."

Pandu alisikia habari kwa wateja wake. Akapanda ngazi akiwa na mfuko wa maji, na ndani yake sponji nyeusi, inateleza, inanuka kama kinamasi.

"Nimeikata nusu ya yangu," akasema. "Vijidudu vyenu vipya hivyo."

"Na samaki wako?"

"Tutaona, yakhe."

Mwatima aliisogeza ndani ya chujio kwa vidole viwili, kama anayelaza mtoto. Ijumaa nikapita kinyozini. Tangi la Pandu nalo limeanza ukungu, na yeye anamnyoa mtu huku shingo kaigeuzia kule. Nami sikuwa na uso wa kuuliza.

Lakini vijidudu haviongezeki kwa siku moja, na sumu haikuwa inavisubiri. Ilibidi robo ya maji itolewe asubuhi na jioni, na maji yanayoingia yawe yamelala wazi siku nzima ili dawa ya bomba itoke. Bomba la juu likakauka Jumatano ile ile, kama vile nalo lilikuwa na kinyongo nami. Tukachota bomba la chini, tukayalaza madumu wazi uani.

"Ndoo ngapi?" akauliza Vuai.

"Mbili asubuhi, mbili jioni."

"Haya."

Ghorofa sita, goti moja bovu. Jumamosi alipanda ngazi kwa kukaa, kidato kimoja kimoja, ndoo mbele yake, na hakumwaga hata tone. Siku hiyo samaki mkubwa alikuwa amelala ubavu chini. Simu ikalia.

"Feruzi, mwanangu anataka kuwaona kwa video, anisimulie."

"Mtandao mbovu, dada!" nikapiga kelele, na mtandao ulikuwa safi kuliko roho yangu. Nikakata, nikakaa nimeikumbatia ndoo.

Jumapili samaki akasimama wima. Jumatatu nikauona ukuta wa nyuma wa tangi. Kichupa cha Mwatima kikatoka kijani, kikawa manjano. Kinyozini nako ukungu ukaondoka.

Jumanne Dada Tausi aliingia, hakuvua hata baibui. Akasogeza uso kwenye kioo, akahesabu kwa kidole mpaka tano. Jicho halikudondosha kitu. Mimi nililia kwa niaba yake, jikoni.

Nikamwambia yote. Akafungua kabati, akatoa kofia ya vito, ile inayodariziwa kwa mkono, ya mwisho aliyoishona kabla jicho halijaingia ukungu. Miezi minane ya sindano.

"Aliyewaokoa samaki wangu aichukue. Ni moja, na kofia haikatwi mapande."

"Ningempelekea baba yangu," akasema Mwatima. "Bila mimi, Ami Feruzi angemwaga yote Jumatano."

"Bila sponji yangu mngejua sumu ni nini na bado mngeiangalia inaua," akasema Pandu.

Vuai akasugua goti. "Bila ndoo, sponji ingelinda maiti," akasema. Ndilo neno refu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

Nimewapima kila upande. Mtoe mmoja yeyote kati yao, samaki wanakufa. Basi nyinyi mnaonisikiliza: aliyejua, aliyetoa au aliyebeba? Je, wewe ungeamua vipi?

Mimi nilishauri kofia ikae kichwani kwangu kwanza, mpaka watakapokubaliana.

Dada Tausi akanitazama kwa jicho lake jipya.

"Wewe," akasema, "utakaa kichwa wazi."