Mtungi Uliosifiwa

Mlio karibu na mlango, urudisheni. Ninachotaka kusema ni siri, na kila aliyekaa kwenye mkeka huu aape kwamba haitatoka naye. Mmeapa? Haya. Nami niliapishwa hivyo hivyo, na mpaka leo sijamwambia mtu, isipokuwa jirani yangu, na wale wa hitima ya juzi, na sasa nyinyi.

Kulikuwa na mama mmoja, mji hauna haja ya kutajwa, aliyependa mambo ya zamani kuliko sote hapa. Alilelewa na bibi yake, na nyumbani kwa bibi kulikuwa na mtungi umekaa pembeni juu ya mchanga mbichi, kata ya kifuu ikining'inia ukutani. Kila Alhamisi bibi aliufukiza kwa ubani kabla ya kutia maji. Mnayakumbuka maji yale, nyinyi wa umri wangu? Unatoka juani, unakunywa kata nzima bila kupumua, ubani unakupanda puani, ladha ya udongo inabaki ulimini. Mama huyu alikuwa akisimulia hayo mpaka machozi yanamlenga. Wala hakuwa akidanganya. Aliyapenda kweli.

Mjini pale alibaki mfinyanzi mmoja, bibi kizee, akiuza mitungi kila siku ya gulio. Mama yetu hampiti. Atachuchumaa, atagonga mtungi kwa kifundo cha kidole, atatega sikio asikie unavyolia, kisha ataingiza pua ndani.

"Bibi, mikono yako Mungu aihifadhi. Huu ni ule ule wa bibi yangu."

"Basi uchukue, mwanangu. Umekuita."

"Leo nimetoka na haraka. Gulio lijalo, inshallah."

Halafu? Halafu alivuka njia akanunua pipa la plastiki. Jekundu, lina kifuniko na bomba. Halivunjiki, wala halitaki kufukizwa. Mwaka uliofuata akaongeza la kijani. Mtungi aliwahi kununua mmoja tu, alipoolewa, na sifa zake kila mgeni alizisikia.

Siku moja bibi mfinyanzi aliingia kwenye kikao cha akina mama, akasema amekuja kuaga. Udongo aliochimba umekauka bila kufinyangwa, sasa anakwenda kukaa kwa mwanawe, mbali. Akina mama wakasikitika, na aliyelia kuliko wote mnamjua.

"Usituache, bibi. Nyumba yangu mpaka leo inakunywa mtungi wako."

Bibi akamtazama. "Kweli, mwanangu?"

"Kweli."

"Basi nipeleke nikanywe kata moja. Nikiona mtungi wangu bado una kazi, hata katika nyumba moja ya mji huu, siondoki. Kesho nachimba udongo mwingine."

Akina mama wakainuka wote, wakajitanda kanga zao. Mama yetu akasema, "Nawatangulia nikafagie," na mbio alizopiga, kwa kiuno kile anachokilalamikia kila siku, zilistahili zawadi. Msidhani alikimbia aibu peke yake. Alitaka bibi abaki. Alitaka kwa moyo wake wote.

Hapo nisimame kidogo, maana nawaona mnavyocheka. Yeye na sisi tuna tofauti gani? Huu mkeka tulioukalia, ushikeni. Ni ukili au ni nailoni? Na yule mwenzetu aliyekuwa akikaa nasi hapa akisuka mikeka, nani anajua amekwenda wapi? Tunasema vya zamani vimekufa, kana kwamba viliugua vyenyewe. Tumeviua sisi, gulio kwa gulio, tukifungulia pochi upande wa pili wa njia. Sifa tunampa bibi, riziki tunampa mwenye mapipa. Na Mungu atakapotuuliza habari za jirani yetu, hatatuuliza tulimsifu vipi.

Haya, tuwafuate akina mama. Walipitia mlango wa uani, kama tunavyopita sisi wanawake, wakasikia kuku analia kama anachinjwa. Nyuma ya jiko, mtungi umelala ubavu, mdomo umemeguka. Mama yetu amepiga magoti, mkono mmoja umezama ndani mpaka kiwikoni, anamvuta kuku anayeatamia. Mkono wa pili ameshika jagi limejaa maji, na nyuma yake bomba la pipa jekundu bado linamwagika.

Bibi mfinyanzi akasogea, akainama, akachungulia ndani ya mtungi wake.

"Mwache, mwanangu," akasema. "Huyo ndiye mteja niliyebaki naye."