Mfalme wa Mbwa Mwitu

Isome polepole, kisha mtumie yeyote unayemjua aliyepewa cheo hivi karibuni.

Katika nchi moja ya milima yenye theluji aliishi mtu aitwaye Mbaruku. Kazi yake serikalini ilikuwa kufuata nyayo za mbwa mwitu wa kijivu na kuandika walikopita. Taarifa zake hazikusomwa na mtu, ndiyo maana alidumu kazini miaka kumi na saba bila kuonekana na kosa.

Mwaka mmoja mbwa mwitu walikula kondoo wawili wa mfalme. Waziri Makata akaunda kamati. Kamati ikakaa siku tisa, ikafikia uamuzi kwamba kila kundi lazima liwe na mfalme, na mfalme akiuawa, raia hutawanyika. Mbaruku akapewa mwezi mmoja amtaje mfalme wa mbwa mwitu. Akishindwa, hana kazi, na nyumba ya serikali aihame.

Akapanda mlimani, akalala kifudifudi kwenye baridi, akatazama. Mwezi ulipokwisha alirudi na kikohozi, akasimama mbele ya mfalme na baraza lake.

"Mtukufu, hawana mfalme," alisema. "Kuna baba, kuna mama, na watoto wao. Wakubwa wanasaidia kulea wadogo. Ni familia tu."

"Familia," Waziri alirudia, kama mtu aliyeonja chai akakuta chumvi. "Na amri anatoa nani?"

"Sijasikia amri, Bwana Waziri. Mama akiondoka, wanamfuata."

"Basi tuambie nani hushiba kwanza. Mkubwa hujulikana hapo."

Mbaruku alikohoa ili apate muda. Akimtaja baba, baba atauawa. Akimtaja mama, vivyo hivyo. Watabaki vijana wasiojua kumwinda kulungu, nao watawashukia kondoo, maana kondoo hana mbio. Nyumba nayo aliipenda. Akaamua kusema alichokiona.

"Nyama ikiwa haba, anayeshibishwa kwanza ni yule mdogo kabisa. Ana sikio moja jeupe."

Waziri akaandika, akagonga muhuri. Askari ishirini wakaondoka na mnyororo wa chuma. Siku ya nne walirudi na kapu.

Mfalme akachungulia ndani. "Huyu?"

"Ndiye, Mtukufu," alisema Waziri bila kutazama. "Amethibitishwa na kamati."

Mtoto wa mbwa mwitu akatoka kapuni, akakojolea zulia, akapanda mapajani mwa mfalme na kuanza kumlamba mdomo. Baraza zima likakosa pa kuweka macho.

"Mbaruku," mfalme aliita, akijikinga kwa mkono. "Anataka nini huyu?"

"Anakuomba utapike, Mtukufu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anapiga chafya.

"Ndivyo walivyo," Mbaruku aliendelea. "Mkubwa akirudi mawindoni, watoto humlamba mdomo, naye huwatapikia nyama aliyoibeba tumboni. Baba yake huyu nimemwona akitoa yote, kisha akalala na njaa."

Mfalme akalitazama tumbo lake, kisha la Waziri, ambalo lilikuwa kubwa zaidi.

"Makata, mwaka huu mavuno yamekuwa haba. Nani amekula kwanza nchini?"

"Sisi, Mtukufu. Kwa mujibu wa utaratibu."

Mfalme akampakata yule mtoto, akatoa amri zake. Mbwa mwitu wasiuawe. Mbaruku abaki na kazi yake na nyumba yake. Ghala la ikulu lifunguliwe, na jikoni kwa mfalme moto usiwashwe mpaka kijiji cha mwisho kiwe kimekula. Na mtoto arudishwe kwao, abebwe na Waziri mwenyewe.

Waziri na Mbaruku walipokaribia pango la mbwa mwitu, mngurumo ulisikika. Waziri akalikumbatia kapu.

"Ndugu yangu Mbaruku," alinong'ona, "huyo mama akitoka, cheo chake nimwiteje?"

"Mwite Mama Watoto, Bwana Waziri. Lakini kwanza weka kapu chini."

Funzo: Mkubwa wa kweli hutambulika wakati chakula ni kichache, naye mara nyingi ndiye anayelala na njaa.